Mashine ya kahawa yenye kinu ndani: inasaga, inanguruma, kahawa inatoka nyepesi. Ni umeme, maji au buni?

#1 Mzee_wa_Kisasa
Wakuu, habari za jioni.

Dada yangu anayeishi Marekani alinizawadia mashine ya kahawa alipokuja likizo. Ni zile unazoweka buni juu na maji nyuma, unaseti saa, halafu yenyewe inasaga, inachemsha na kuchuja. Ukiamka jagi limejaa. Miezi ya mwanzo ilikuwa raha tupu, wageni walikuwa wanapiga nayo picha. Sasa ina visa vitatu.

Kwanza, nikiiseti saa 4 usiku iwake saa 12 asubuhi, inawaka saa 1 na nusu hivi, wakati mimi niko barabarani naelekea kazini. Na hapo saa yake naiweka sawa kila usiku kabla ya kulala, maana inachelewa.

Pili, inasaga kwa kelele zake zote, jirani anasikia, lakini kahawa inatoka nyepesi mpaka unaona kitako cha kikombe.

Tatu, siku nyingine maji yanapanda kidogo, inakoroma, inatoa mvuke, inanyamaza. Ukiangalia tangi, maji bado nusu.

Natumia transfoma ya kushushia umeme. Buni nanunua ya Mbinga iliyokaangwa ikawa nyeusi ti. Maji ni ya bomba, niko Dodoma. Fundi wa mtaani kaifungua akasema "bodi imekufa" na ametaja hela yake. Kabla sijampa, wenye uzoefu mnasemaje?

#2 KikombeKimoja
Kahawa ya unga ya kukoroga, maji ya chupa ya chai, sukari. Dakika moja. Haina bodi. Naomba kuwasilisha.

#3 Mhaya_Mtulivu
#2 umewahi lakini sisi Kagera tumekuzidi. Kahawa tunachemsha na majani yake ya kunukia, tunaanika, tunatafuna. Mgeni akifika anapewa punje mkononi. Umeme ukikatika hatujui.

Mleta uzi pole. Ngoja mafundi waje.

#4 Fundi_Nyaya
Mkuu usimpe huyo fundi hata mia. Kisa cha kwanza jibu lake liko kwenye ukuta wako.

Umeme wa Marekani ni volti 120, hezi 60. Wa kwetu ni volti 230, hezi 50. Transfoma inashusha volti tu, hezi haigusi. Saa za mashine nyingi za jikoni hazina fuwele yao (kristali) ya kuhesabia muda, zinahesabu mawimbi ya umeme wenyewe. Inasubiri mawimbi 60 ndipo iseme sekunde imepita, wewe unaipa 50. Kwa hiyo kila saa moja ya kweli inapoteza dakika 10.

Piga hesabu. Kutoka saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi ni saa 8. Mashine yako itatumia saa 9 na dakika 36 kuzimaliza. Yaani itawaka saa 1 na dakika 36. Wewe umesema saa 1 na nusu hivi. Bodi imekufa wapi hapo? Bodi inahesabu vizuri sana, ila inahesabu kwa Kimarekani.

Dawa: ukitaka iwake saa 12, iseti kama unataka saa 10 na dakika 40 asubuhi. Basi.

Kisa cha pili na cha tatu nashuku transfoma. Taja wati zake na wati za mashine.

#5 Pwani_Huru
Fundi #4 umenifurahisha. Mimi shemeji yangu aliiseti yake 12:00 AM akijua ni saa kumi na mbili alfajiri. Saa sita za usiku nyumba nzima imeruka kitandani, kinu kinaunguruma, babu katoka na panga.

#6 Mzee_wa_Kisasa
😂😂 #5

Fundi, hesabu yako imenyooka, nimebaki mdomo wazi. Chini ya mashine pameandikwa 120V 60Hz 1000W. Transfoma imeandikwa 2000W, niliinunua Dar.

#7 Maji_Magumu
Mnakimbilia umeme wakati jamaa kasema yuko Dodoma. Fungua birika lako la umeme uangalie chini. Kuna magamba meupe? Hayo hayo yako ndani ya mashine.

Mashine hizi nyingi hazina pampu ya mota. Maji baridi yanashuka kutoka tangini, yanapita kwenye kivalvu cha njia moja, yanaingia kwenye bomba jembamba la aluminiamu lililogandana na hita. Yanachemka humo, mapovu ya mvuke yanayasukuma juu mpaka kwenye kahawa. Ule mkoromo unaousikia ndiyo pampu yenyewe. Sasa chokaa ikiganda ndani ya bomba, mambo mawili yanatokea: njia inakuwa nyembamba, na joto la hita halifiki kwenye maji vizuri. Hita inapata moto kupita kiasi, kidhibiti joto kinakata. Kimya. Ikipoa inaendelea tena. Ndicho kisa chako cha tatu, neno kwa neno.

Kipimo cha bure: sikiliza tangini wakati inachemsha. Ukiona mapovu yanarudi tangini, kile kivalvu kimekwama wazi, kimewekewa kijiwe cha chokaa.

#8 Arusha_Damu
Naunga mkono #7. Hata huku kwetu maji yana floridi nyingi, ndiyo inaziba hizi mashine. Angalia meno ya watu tu.

#9 Maji_Magumu
#8 hapana ndugu. Floridi inachafua meno na mifupa ikizidi, lakini inayoganda kwenye birika ni kalisi na magnesi. Maji yanaweza kuwa na floridi nyingi na yasiache gamba hata moja. Na kuchemsha hakuondoi floridi, usije ukadanganya watu.

#10 Kijana_Mbunifu
Mtoa mada hiyo chokaa ni rahisi. Mimina jiki kidogo na siki tangini, washa, inatoka yote.

#11 mama_Tunu
#10 FUTA HIYO. Wasomaji, msifanye. Jiki ikikutana na siki au ndimu inatoa gesi ya klorini, na wewe unaichemsha tena jikoni madirisha yamefungwa? Ni sumu ya mapafu. Na hata jiki peke yake haiyeyushi chokaa, inaua wadudu tu. Chokaa inataka asidi.

#12 Kijana_Mbunifu
Sawa mama, nimeelewa. Nilisikia mahali.

#13 mama_Tunu
Haya. Sasa nije kwa mleta mada. Mimi nimefanya kazi ya kahawa hotelini Arusha muda mrefu, mashine za aina hii nimezisafisha mpaka nimezichoka.

Chokaa kwanza. Ile sitriki asidi ya unga wanayouza kwenye maduka ya vifaa vya keki, gramu 20 hadi 30 kwa lita moja ya maji ya vuguvugu. Koroga iyeyuke yote. Toa buni, zima upande wa kusaga, washa ichemshe mpaka nusu, zima, acha imelowa nusu saa, malizia. Halafu pitisha maji safi, tangi zima, mara mbili au tatu mpaka ladha ya uchachu iishe. Siki nyeupe nayo inafaa, sehemu moja kwa mbili za maji, ila harufu yake haiondoki upesi na mipira ya ndani haiipendi ukiirudia rudia.

Lakini kahawa nyepesi sidhani ni chokaa. Angalia kile kimlango unga unapoporomokea kutoka kwenye kinu kwenda kwenye chujio. Hili ndilo gonjwa kuu la mashine zenye kinu ndani, za bei zote. Zinasaga juu, zinachemsha chini, mvuke unapanda unaingia kwenye kile kimlango. Unga unashika unyevu, unaganda. Kesho unga mpya unagota pale. Kelele ya kusaga unaisikia kama kawaida, ila nusu ya kahawa imebaki njiani. Chukua brashi kavu au mswaki mpya, sugua kila baada ya kutumia, na uache kifuniko wazi ipoe. Huko Dodoma hewa ni kavu una nafuu, wa Dar na Tanga wasafishe kila siku bila mjadala.

La tatu, hiyo buni nyeusi ti. Ikikaangwa hivyo mafuta yanatoka nje, unaona inang'aa. Mafuta yanaganda kwenye meno ya kinu na kwenye kuta za tangi la buni. Nunua iliyokaangwa wastani, rangi ya kahawia, isiyong'aa. Mbinga ni kahawa nzuri, kuichoma mpaka ifanane na mkaa ni dhambi.

#14 KikombeKimoja
Brashi, mswaki, mizani ya keki, sitriki. Yangu inataka kijiko.

#15 Njoro_Boy
Hello wakubwa, mimi ni jirani wenu wa Nakuru. Hiyo stori ya mama Tunu ni kweli kabisa lakini mmesahau mawe. Kahawa ya kununua sokoni, ile imeanikwa chini, huwa na vijiwe vidogo rangi moja na buni. Kijiwe kimoja kikiingia kwa meno ya kinu, unasikia "tak", halafu mota inalia bila kusaga. Yangu ilienda hivyo. Sasa kabla niweke buni, nachambua kwa ungo vile mama anachambua maharagwe. Bibi yangu hucheka, anasema mashine ya kisasa imenirudisha kwa ungo.

#16 Mhaya_Mtulivu
#15 "imeanikwa chini" unatupiga kijembe wana Kagera 😄 Robusta yetu tunaanika na ganda lake, kweli, lakini siku hizi turubai na vichanja vipo. Mawe ni ya walanguzi wanaoongeza uzito.

#17 Njoro_Boy
Sijataja mtu mimi. Kikombe ndio kimetaja.

#18 Profesa_Mlimani
Wote mnasahau fizikia ya kidato cha tatu. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Maji huko yanachemka kabla ya kufika nyuzi 100, kwa hiyo hayana nguvu ya kutoa kahawa. Mashine ilitengenezwa kwa watu wa usawa wa bahari. Ndiyo maana kahawa ni nyepesi. Hakuna haja ya sitriki wala mswaki.

#19 Maji_Magumu
Prof, Dodoma maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Wataalamu wa kahawa wanataka maji ya kuchujia yawe kati ya 90 na 96. Kwa hiyo Dodoma ndiyo pazuri kuliko Dar! Hata Mbeya ukiwa mita 1,700 unapata 94. Hoja yako inaanguka.

#20 Profesa_Mlimani
Haianguki. Nyuzi 96 ni ndani ya bomba. Mpaka yapande, yapite kwenye mrija, yadondoke tone tone juu ya unga, yatakuwa yamepoa kiasi gani? Weka kipimajoto kwenye unga wenyewe ndipo tubishane.

#21 mama_Tunu
Hapo Profesa ana pointi kidogo. Kikombe cha kwanza huwa na maji ya uvuguvugu kwenye mashine za bei ya chini. Lakini zipo hivyo hata Dar, hivyo mwinuko peke yake hauwezi kubeba lawama yote.

#22 Fundi_Nyaya
Narudi kwenye umeme, mtanisamehe. Mzee, transfoma kuandikwa 2000W hakuna maana. Maandishi hayabebi mzigo, shaba na chuma ndivyo vinabeba. Tafuta mtu mwenye mita, pima volti za pato WAKATI hita inafanya kazi, siyo ikiwa imekaa tu. Ukikuta 120 iko pale pale, nitanyamaza. Ukikuta imeshuka, kumbuka nguvu ya hita inakwenda kwa mraba wa volti.

Na jingine ambalo watu hawalijui: vinu vingi vya mashine hizi havipimi uzito wa kahawa, vinapima MUDA. Umechagua vikombe 8, inasaga sekunde kadhaa, inaacha. Mota ikipata volti pungufu inazunguka polepole, muda ule ule, unga unakuwa mchache. Kelele utaisikia, kahawa hutaiona.

#23 Sisimizi
Swali la nje ya mada: nikichomeka mashine ya 120V moja kwa moja kwenye 230 itachemsha haraka zaidi?

#24 Fundi_Nyaya
#23 Itachemsha mara moja tu maishani mwake. Volti karibu mara mbili, nguvu inakuwa kama mara 3.7. Hita ya wati 1000 inajikuta inavuta zaidi ya 3600. Kama bahati yako nzuri fyuzi ya joto inakatika kwanza.

Na vile vibadilisha umeme vyepesi vya wasafiri, vya kuchomeka pasi ya nywele, visitumike kwa mashine yenye bodi na mota. Vinakata mawimbi, havishushi kwa utaratibu.

#25 Maskati_Mzenji
Assalaam alaykum ndugu zangu. Nawasoma kutoka Maskati. Hapa kwetu umeme hauna tatizo, na maji ya bomba ni ya bahari yaliyotolewa chumvi, chokaa siioni sana. Lakini bado kahawa ilianza kuwa nyepesi. Kilichokuwa kikiniharibia ni iliki. Nyumbani wanapenda kahawa nyeupe ya Kiarabu, ile iliyokaangwa kidogo na iliki ndani, basi mtoto akawa anamimina iliki nzima pamoja na buni. Maganda yake ni nyuzi nyuzi, yanajisokota kwenye meno ya kinu. Na buni iliyokaangwa kidogo ni ngumu, mota inateseka. Saga iliki mbali, tia kwenye jagi.

#26 Pwani_Huru
Kahawa ya iliki inapikwa kwenye dele, shekhe. Umepeleka mashine harusini?

#27 Maskati_Mzenji
Dele lipo, limepambwa sebuleni. Aliyebaki kulikalia jikoni ndiye hayupo.

#28 Dada_Mkuu
Jamani kuna aliyejaribu mchele? Mitandaoni wanasema ukisaga mchele mkavu kinu kinatakata, mafuta yote yanatoka na unga wa mchele.

#29 mama_Tunu
Kwa kinu cha visu, kile kinachokata kata, mchele mchache hauna neno sana. Kwa kinu cha meno mawili yanayosagana, kaa mbali. Mchele mbichi ni mgumu kuliko buni iliyokaangwa, unalemea mota, na vumbi lake linakaa ndani likivuta unyevu. Fungua meno, brashi, kitambaa kikavu. Usiyaoshe kwa maji kama ni ya chuma, labda kijitabu chake kiseme.

#30 Dada_Mkuu
Mimi nimesaga mchele mara nyingi na kinu changu kizima tu.

#31 mama_Tunu
Hongera. Ni cha visu au cha meno?

#32 Dada_Mkuu
Nitaangalia.

#33 Mzee_wa_Kisasa
Wakuu asanteni, mmefanya uzi uwe darasa. Leteni tena maana nina mrejesho na bado sijapona vizuri.

Sitriki nimepitisha kama mama Tunu alivyosema. Maji ya kwanza yalitoka na vipande vyeupe, mke wangu aliyaona akasema kumbe tulikuwa tunakunywa chokaa. Sasa maji yanapanda yote, tangi linaisha. Kisa cha tatu hakijarudi. Maji_Magumu, salamu zako zimefika.

Kisa cha pili kipo. Kimlango nimekisugua, kweli kilikuwa na tope la kahawa. Siku ya kwanza ikatoka nzito, nikafurahi. Kesho yake nyepesi tena na kimlango kisafi.

Jirani ana mita. Bila mzigo 121. Hita ikiwaka 108.

Halafu nikaiacha isage bila maji, nikapima unga kwa mizani ya keki. Nimechagua vikombe 8, unga gramu 38.

#34 Fundi_Nyaya
108! Nilisema nini? 108 kwa 120, mraba wake ni 0.81. Hita imepoteza karibu moja ya tano ya nguvu. Transfoma yako siyo 2000W, labda kwenye ndoto. Nunua nyingine, ndugu.

#35 mama_Tunu
Fundi taratibu. Volti zinashuka hita ikiwaka. Wakati wa kusaga hita imewaka?

#36 Fundi_Nyaya
Nyingine zinawasha vyote pamoja, nyingine zinasaga kwanza.

#37 mama_Tunu
Hapo hapo. Mzee amesaga bila maji, na mara nyingi kinu kinamaliza ndipo hita inaanza. Kama ni hivyo, mota ilipata volti zake 120 kamili na bado unga ni gramu 38. Vikombe 8 vya mashine za Marekani ni kama mililita 150 kila kimoja, jumla lita 1.2. Kanuni ya kawaida ni gramu 55 hadi 60 kwa lita. Alitakiwa apate 66 mpaka 72. Amepata nusu. Umeme haujaeleza hiyo nusu.

#38 Hesabu_Kali
Nami niongeze chumvi. Fundi #4 umetuambia bodi inahesabu mawimbi ya hezi 50 kana kwamba ni 60. Kama muda wa kusaga nao unahesabiwa hivyo hivyo, kila sekunde ya mashine ni sekunde 1.2 za kweli. Maana yake kinu kinapaswa kusaga MUDA MREFU zaidi kwa asilimia 20. Kahawa ingekuwa nzito, siyo nyepesi. Nadharia zako mbili zinagombana zenyewe.

#39 Fundi_Nyaya
Hesabu_Kali umenibana hapo. Inawezekana saa na kinu havitumii kihesabio kimoja. Siyo bodi zote zimechorwa na mtu mmoja. Mzee, pima sekunde za kusaga kwa simu, kisha angalia kijitabu.

#40 Mzee_wa_Kisasa
Kijitabu hakitaji sekunde. Kinasema "chagua idadi ya vikombe na ufurahie".

#41 KikombeKimoja
Naendelea kufurahia.

#42 Toronto_Baridi
Niko Kanada, umeme wetu ni huo huo wa 120 hezi 60, nina mashine ya aina hiyo na niliwahi kupata unga mchache hivyo hivyo. Kwa hiyo umeme wa Tanzania hauhusiki kwa asilimia zote. Fungua kifuniko cha tangi la buni mara tu baada ya kusaga uchungulie. Kuna shimo katikati na buni zimeganda pembeni? Buni za mafuta zinashikana, zinajenga daraja juu ya kinu. Kinu kinasaga zile za katikati, halafu kinazunguka kitupu muda uliobaki.

#43 Mzee_wa_Kisasa
Toronto_Baridi!! Nimetoka kuchungulia sasa hivi. Shimo lipo katikati, pembeni zimesimama. Nimezikoroga na mwiko, nikasaga tena, gramu 51.

#44 mama_Tunu
Buni nyeusi ti. Nilisema.

#45 Fundi_Nyaya
Gramu 51 bado siyo 66. Nani anachukua hizo 15? Mimi nasema mota.

#46 Njoro_Boy
Mimi nasema meno yameisha. Akisaga na mawe ya walanguzi mwaka mzima, meno yanabaki? Toa meno uyaguse na kidole, yakiwa laini hayakati. Pia jaribu kusogeza kile kipimo cha laini na chengachenga hatua moja upande wa laini.

#47 mama_Tunu
Akisogeza laini sana maji hayapiti upesi, kikapu kinafurika, unga unamwagika mpaka chini ya jagi. Hatua moja tu. Na kama buni imekaangwa juzi tu, inatoa gesi, inaumuka ikiguswa na maji ya moto, inafurika hata kama umesaga vizuri. Iache siku chache.

#48 Sisimizi
Mimi mashine yangu ilikuwa inasaga nusu kwa sababu ya mende. Wanapenda joto na unyevu, walijenga ndani ya kinu. Sitaeleza zaidi, watu wanakunywa.

#49 Pwani_Huru
Umeshaeleza.

#50 Mhaya_Mtulivu
Kwenye kahawa ya kutafuna mende unamwona.

#51 Mama_Wawili
Samahani nadandia uzi. Yangu ni ya volti 220, ilitoka Dubai, haina habari za transfoma. Haitaki kusaga kabisa, taa inawaka, upande wa maji unafanya kazi. Fundi anasema aunge waya moja kwa moja isage.

#52 Fundi_Nyaya
#51 Usikubali. Kwenye kifuniko cha kinu na kwenye mlango wa chujio kuna viswichi vidogo vya usalama. Kifuniko kisipokaa kikabana, kinu hakiwaki, ili usikatwe vidole. Unga kidogo tu chini ya kifuniko unatosha kukiinua. Futa kingo zote, bonyeza mpaka usikie "ka". Tazama kama kile kijino cha plastiki kinachobonyeza swichi hakijavunjika. Kwenye nyingine ni kisumaku. Akiunga waya moja kwa moja, siku mtoto ataweka kidole.

Hivyo hivyo kwa fyuzi ya joto kwenye hita. Ikikatika inabadilishwa kwa nyingine ya nyuzi zile zile. Kuna mafundi wanaipitishia kipande cha waya. Tangi likiisha maji na hakuna cha kukata, plastiki inayeyuka na nyumba inafuata.

#53 Mama_Wawili
Kijino kimevunjika! Nimekiona. Kinauzwa?

#54 Njoro_Boy
Hiyo huwezi pata peke yake kirahisi. Nunua mashine mbovu ya modeli hiyo hiyo, ile hita imekufa, unatoa vifuniko na jagi. Jagi lenyewe likivunjika bei yake mpya utalia.

#55 Mzee_wa_Kisasa
Mrejesho mfupi. Nimesogeza hatua moja laini, nimenunua buni ya wastani nikachanganya nusu kwa nusu na ile nyeusi maana siwezi kuitupa. Leo gramu 60 na kahawa imeshika rangi. Saa naiseti kwa hesabu ya Fundi, imewaka saa 12 kasoro dakika chache. Transfoma bado ile ile.

#56 Fundi_Nyaya
Badilisha transfoma.

#57 mama_Tunu
Malizia ile nyeusi kwanza, kisha tumia ya wastani peke yake, upime tena KABLA ya kununua transfoma. Ukibadilisha vyote pamoja hutajua kilichoponya.

#58 Hesabu_Kali
Na sekunde za kusaga hujatuletea.

#59 Profesa_Mlimani
Na kipimajoto.

#60 Dada_Mkuu
Nimeangalia. Kinu changu ni cha visu.

#61 mama_Tunu
Basi endelea na mchele wako, mama.

#62 Mzee_wa_Kisasa
Sekunde nitaleta Jumamosi. Fundi, hiyo transfoma ya kweli kwa Dodoma inapatikana wapi, au mpaka Kariakoo?